Asetilesheni ya protini kwenye neva za pembeni ni kitu gani hasa

Neva za pembeni ni zile zote zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo, zinazoenda mikononi, miguuni, kwenye ngozi na misuli. Chukua ile seli inayokufanya usikie mchanga chini ya kidole gumba cha mguu, mwili wake uko huko juu pembeni ya uti wa mgongo usawa wa kiuno, alafu umetoka uzi mmoja mwembamba unaitwa akzoni unashuka mpaka kidoleni, kwa mtu mrefu ni kama mita 1. Protini nyingi za huo uzi zinatengenezwa juu na lazima zisafirishwe mpaka chini, na safari hiyo ndo inafanya asetilesheni iwe na uzito kwenye neva.

Asetilesheni yenyewe ni kitendo kidogo tu. Protini ni mnyororo wa asidi amino, mojawapo inaitwa lisini na kawaida ina chaji chanya. Kimeng'enya kinakuja na kipande cha asetili, kaboni 2 basi, kinakipachika juu ya lisini na ile chaji inapotea, protini inabadilika tabia, itashikana na nani, itakaa wapi, itadumu muda gani. Alafu kuna vimeng'enya vya kubandua, kundi la HDAC, binadamu anavyo 18 jumla, 7 kati ya hivyo vinaitwa sirtuini.

Wengi wakisikia habari hii wanakimbilia histoni, zile protini ambazo DNA imejizungushia, kwa sababu ndiko ilikoanzia, Vincent Allfrey na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1964. Histoni zikipata asetili zinalegeza DNA na jeni zinasomeka. Kwenye neva lina kazi yake pia: neva ikikatwa, wimbi la kalsiamu linapanda akzoni mpaka kwenye kiini, HDAC5 inatolewa nje ya kiini, asetili inaongezeka kwenye histoni na jeni za kukua zinafunguka. Hiyo ni sababu mojawapo neva ya mguu inajaribu kuota tena, taratibu mno, kama milimita 1 kwa siku, wakati uti wa mgongo ukikatika hali ni nyingine kabisa.

Ila mimi naona utamu uko kwenye protini nyingine, tubulini. Ndani ya akzoni kuna vimirija vya tubulini ambavyo ni kama reli, mizigo inapita juu yake. Asetili inapachikwa kwenye lisini namba 40, na cha ajabu iko upande wa ndani wa kimirija! Anayepachika anaitwa αTAT1, mbanduaji mkuu ni HDAC6. Panya walioondolewa αTAT1 kwenye neva zao za hisia waliendelea kusikia joto vizuri tu, lakini mguso mwepesi na maumivu ya kubinywa yalipungua sana.

Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa Charcot-Marie-Tooth, misuli ya chini ya goti inakonda, unyayo unapinda, mtu anajikwaajikwaa. Mwaka 2011 panya wenye aina moja ya ugonjwa huo, ile ya jeni HSPB1, walikutwa na asetili pungufu kwenye tubulini ya neva, walipopewa dawa ya kuzuia HDAC6 usafirishaji ukarudi na wakatembea vizuri zaidi. Sasa msikimbilie kusema dawa imepatikana, hao ni panya, na pia HDAC6 inabandua asetili kwenye protini nyingine kibao kwa hiyo huwezi kusema sifa yote ni ya tubulini. Isitoshe vimirija vilivyokaa muda mrefu vinakusanya asetili vyenyewe, so kama asetili ndo inafanya kimirija kidumu au kudumu ndo kunaleta asetili, bado ni ubishi.

Na usichanganye na ile asetilesheni ya dawa ya TB. Isoniazidi ikifika kwenye ini inapachikwa asetili na kimeng'enya NAT2, hapo kinachobadilishwa ni dawa sio protini. Watu ambao NAT2 yao ni ya polepole dawa inakaa nyingi mwilini, inaharibu kazi ya vitamini B6, na miguu inaanza kuchoma na kufa ganzi, ndo maana wagonjwa wengi wanapewa piridoksini, yaani hiyo vitamini B6, pamoja nayo.