Kabla ya Kununua Chujio la Jikoni, Yajue Maji ya Tangi Lako

Mama mmoja wa Kisauni alikuja maabara kwetu na chupa mbili za maji. Moja aliijaza kwenye mfereji wa jikoni, ya pili kwenye kimfereji cha chujio alilofungiwa chini ya sinki miezi kumi kabla. Alitaka kujua kama pesa yake ilifanya kazi. Majibu yalipotoka, chumvi ilikuwa ile ile katika chupa zote mbili, na bakteria walikuwa wengi zaidi katika chupa ya chujio. Chujio lenyewe halikuwa bovu. Lilikuwa la mkaa, limefungwa kwenye maji ya kisima, na katriji yake, yaani kile kipande cha ndani kinachochuja, haikuwahi kubadilishwa hata mara moja.

Kisa chake si cha peke yake. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na Tiwi upande wa kusini. Hayatutoshi, ndiyo maana tunayapata kwa mgao. Siku ya mgao ikipita bila maji, tangi hujazwa ya kisima, na ya kisima yakizidi chumvi huitwa lori au mkokoteni wa mitungi. Tangi moja, wiki moja, maji ya aina tatu. Basi chagua chujio kwa kuangalia maji mabaya kuliko yote yanayoingia tangini mwako. Hayo mazuri yatajitunza.

Maji ya kisima yanahitaji uangalifu wa pekee. Tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, yenye matundu kama sifongo. Bahari hupenya kutoka chini, na uchafu wa vyoo vya shimo hupenya kutoka juu. Chumvi utaionja mwenyewe kwenye chai, na ugumu wa maji utauona sabuni ikikataa kutoa povu au birika likishika ukoko mweupe. Usichoweza kukionja ni nitrati kutoka vyooni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, kwa sababu nitrati huizuia damu yake kubeba oksijeni. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, nitrati inabaki pale pale, na kila kikombe kinakuwa nayo zaidi.

Kwa hiyo peleka maji yapimwe kabla hujafika dukani. Omba kipimo cha chumvi zote zilizoyeyuka, cha nitrati, na cha E. koli, bakteria wa kinyesi, ambaye hatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100. Kwa kipimo cha bakteria, chukua chupa safi ya maabara yenyewe, si ya soda, na uifikishe siku hiyo hiyo ikiwa ndani ya barafu.

Na jihadhari na onyesho la mlangoni. Muuzaji huja na bilauri mbili, moja ya maji yako na nyingine ya maji ya mtambo wake. Hutumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma, huwasha umeme, na baada ya dakika moja maji yako yamegeuka matope ya kahawia huku yake yakibaki meupe. Watu hushtuka na kutoa pesa papo hapo. Ile kahawia ni kutu ya vijiti. Umeme hupita kwenye maji yenye madini, ukala chuma, na chuma kikachafua maji. Maji yake hayana madini ya kupitisha umeme, basi hakuna kinachotokea. Tia chembe ya chumvi katika bilauri yake, nayo yatageuka vile vile. Hata kile kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha namba husoma chumvi tu. Bakteria hakiwaoni.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe. Chujio la mkaa huondoa klorini, harufu na ladha mbaya, na hilo hulifanya vizuri sana. Haliondoi chumvi wala nitrati, na bakteria usilitegemee. Lile la nyuzi laini zenye matundu madogo mno huwazuia bakteria na vimelea bila kutumia umeme, lakini chumvi hupita. Nyumba inayopata ya mfereji pekee na kuyaweka tangini itatoshwa na mawili hayo yakifuatana, yakitanguliwa na la kukamata mchanga na kutu.

Ikiwa kisima kinaingia tangini, utahitaji mtambo wa RO, wenye utando unaozuia chumvi na nitrati. Hapa ndipo wengi huumia. Utando huo unataka msukumo wa karibu bari 3. Maji yakishuka mita 10 yanatoa bari 1 tu, na tangi lililo juu ya nyumba ya chini halifiki nusu ya hapo. Mpangaji wa ghorofa ya juu kabisa ana hali mbaya zaidi, maana tangi liko juu ya kichwa chake. Bila pampu yake, mtambo utatoa matone na kumwaga mengi. Hata ukiwa na nguvu ya kutosha, mitambo mingi ya nyumbani humwaga lita 3 au zaidi kwa kila lita 1 ya kunywa. Kwa anayenunua maji kwa mtungi, hiyo ni hesabu nzito. Elekeza mpira wa maji ya kumwagwa kwenye ndoo, uyatumie chooni na kupigia deki.

Lolote utakalochagua, uliza kwanza bei ya katriji na kama zinapatikana hapa Mombasa. Makopo ya inchi 10 ya kawaida, yale yanayoishika katriji ndani, hukubali katriji za watengenezaji wengi.

Utunzaji ndio uliomshinda yule mama. Mkaa ukishaondoa klorini, maji hayana tena mlinzi, na kabati la chini ya sinki lina giza, unyevu na joto letu la pwani. Bakteria hawahitaji zaidi. Badilisha katriji za mkaa na za mchanga kila miezi sita, au mapema maji yakianza kutoka kwa kusuasua. Utando wa RO hukaa miaka miwili mitatu. Unapobadilisha katriji, funga koki ya kuingizia maji, fungua kimfereji cha chujio nguvu iishe, weka beseni chini, ndipo uzungushe kopo. Lisugue kwa sabuni, kisha lisuuze kwa lita 4 za maji zenye kijiko kimoja cha mezani cha dawa ya klorini isiyo na manukato. Ipapase ile pete ya mpira kwa kidole. Ikiwa na ufa, nunua nyingine. Ipake grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, wala si mafuta ya kujipaka, kwani hayo huulainisha mpira ukavimba. Rudisha, achia maji dakika kumi hadi vumbi jeusi la mkaa liishe, halafu andika tarehe kwenye kopo kwa kalamu ya wino mzito.

Maji ya mgao yakirudi baada ya siku kadhaa, funga koki ya chujio kabla hayajafika. Bomba likikaa tupu hunyonya uchafu kupitia nyufa zake, na yale ya kwanza huja na kutu na udongo. Yaache yatoke kwenye mfereji wa uani mpaka yaangaze ndani ya bilauri, ndipo uifungue koki.