Je, wajua kwa nini selimundu haijatoweka penye malaria?

Ugonjwa unaoua watoto wengi kabla hawajafikia umri wa kuzaa ungetarajiwa kufifia kizazi baada ya kizazi. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, haikufifia. Tanzania imo miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo, pamoja na Nigeria, Kongo na India.

Chanzo chake ni kidogo mno. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni, asidi amino (kipande kimoja cha kujengea protini) ya sita hutakiwa kuwa glutamiki. Kwa mgonjwa ni valini. Kosa hilo moja, alilolibaini mwanasayansi Vernon Ingram huko Cambridge, Uingereza, miaka ya 1950, hufanya himoglobini iliyokwisha kuachia oksijeni ishikamane na kuwa nyuzi ngumu. Seli nyekundu hupinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Mifupa ikikosa damu, mtoto hulia usiku kucha. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huishi 10 hadi 20, ndipo upungufu wa damu na macho ya manjano.

Hayo humpata aliyerithi jeni yenye kosa hilo kwa baba na kwa mama pia. Aliyeipata kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alipima damu za Wakenya mwaka 1949 akakuta wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu zenye baridi. Palipokuwa na malaria, ndipo walipokuwa. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba jeni moja huwakinga.

Kinga hiyo hufanyaje kazi? Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hukulia ndani ya seli nyekundu. Seli ya mbebaji ikishaingiliwa hupinda upesi, na bandama huiondoa pamoja na mgeni wake. Isitoshe, oksijeni ikipungua kimelea hudumaa, na seli iliyoambukizwa hainati sawasawa kwenye kuta za mishipa. Mbebaji anaweza kuugua malaria, ila uwezekano wa malaria kali hupungua kwa takriban asilimia 90. Hivyo huishi, huzaa, na jeni hupita. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mwenye selimundu.

Wapo wanaoamini kwamba mgonjwa mwenyewe naye hapatwi na malaria. Imani hiyo ni ya hatari, na inaniuma kila ninapoisikia. Mgonjwa ana jeni mbili, bandama yake huharibika tangu utotoni, na malaria humaliza haraka damu kidogo aliyo nayo. Mtoto huyo anahitaji chandarua na kinga ya malaria kama wanavyoelekeza kliniki, pamoja na penisilini ya kila siku angalau hadi atimize miaka 5.