Wosia wa mkono: je, unasimama mahakamani?

Wosia wa mkono ni ule ambao mwenye mali ameuandika mwenyewe kwa kalamu, bila wakili wala kompyuta. Huku Rungwe au Kilolo, Tanzania, mara nyingi huibuka baada ya mazishi, karatasi la daftari chini ya nguo sandukuni: "Shamba la chai la juu apewe binti yangu mdogo, ng'ombe wagawane kaka zake." Chini yake sahihi ya mzee, basi. Kwenye kikao cha ukoo wengine hushikilia kwamba huu ni mwandiko wa baba, wengine kwamba pasipo muhuri wa wakili hakuna wosia.

Kisheria, hoja zote mbili hazitoshi. Tanzania haimlazimishi mtu kwenda kwa wakili, na wosia haubatiliki kwa kuandikwa kwa mkono. Ila mwandiko peke yake haubebi kitu. Ufaransa, wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na sahihi, unakubalika bila shahidi. Kwetu, mashahidi ndio msingi.

Kwa mirathi ya kimila, mahakama ya mwanzo hutazama kanuni zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436. Wosia uandikwe kwa wino, si penseli. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili: mmoja wa ukoo, mmoja mtu baki. Asiyejua huweka dole gumba, na mashahidi wake ni wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi wote wawe wanaojua kusoma na kuandika. Mke aliyepo nyumbani naye hushuhudia.

Wazee wengi hukwama kwenye huyo mtu baki. Huita kaka na shangazi, wakiona aibu kumfungulia jirani mambo ya ndani. Mimi naona sharti hili lina akili kuliko yote, maana ukoo ukigeukana, jirani hana shamba la kugombea. Kwa sababu hiyohiyo, anayepewa mali asiwe shahidi.

Kwa Muislamu anayefuata sheria ya dini yake, wosia hauvuki theluthi moja ya mali. Iliyobaki hugawiwa warithi kwa mafungu yaliyowekwa na dini.

Lile karatasi la sandukuni, lisilo na shahidi, likikataliwa, mali hugawiwa kana kwamba wosia haukuwapo. Na kwa kanuni hizohizo za 1963, binti yumo daraja la tatu la urithi, nyuma ya kaka zake wote.