Je, wajua kwa nini aliyegongwa anaweza kukosa fidia?

Chanzo cha habari hii ni farasi, si gari. Huko Derby, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Forrester alikuwa akitengeneza nyumba yake, akalaza nguzo ikaziba sehemu ya barabara. Jioni, watu wakianza kuwasha mishumaa, Butterfield alitoka baa akamkimbiza farasi wake mbio kali. Wakajikwaa kwenye ile nguzo, wakaanguka wote wawili. Butterfield alidai fidia, na mwaka 1809 akashindwa: mwanga ulikuwa bado unatosha, na angekwenda kwa uangalifu angeiona.

Kwa kawaida, anayedai fidia ya uzembe huthibitisha kwamba mwenzake alipaswa kuwa mwangalifu, hakuwa, na kutokuwa kwake ndiko kulikomuumiza. Baada ya kesi ya Derby kukawa na swali jingine: na wewe je, ulichangia? Ukiwa umechangia hata kidogo, ulikosa vyote.

Sheria hiyo ilikuwa kali mno, na majaji wenyewe walianza kuitafutia mlango wa kutokea. Mwaka 1842 walimlipa mwenye punda aliyemfunga miguu ya mbele na kumwacha barabarani, akagongwa na mkokoteni. Wakasema mwendeshaji ndiye aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuepusha ajali. Uingereza iliachana kabisa na utaratibu wa kukosa vyote mwaka 1945. Tangu hapo fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa la mdai.

Marekani kila jimbo lina lake. Tuseme hasara ni dola 100,000, na dereva aliyeumia ameonekana ana kosa la asilimia 30 kwa kuwa alikuwa akiendesha kasi. California atapata 70,000, na Texas vivyo hivyo. Akivuka mpaka akaangukia Virginia, hapati kitu, kwa sababu Virginia, Maryland, North Carolina na Alabama bado zinashikilia ile ya Derby. Kosa lake likipanda hadi asilimia 60, California itampa 40,000, lakini Texas itamfungia mlango, maana huko anayezidi nusu ya kosa halipwi. Ndiyo maana kampuni za bima huvutana kwa ajili ya asilimia moja tu: kati ya 50 na 51 kuna fedha nyingi.

Kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Kusababisha ajali ni kitu kimoja, kusababisha majeraha yako ni kingine. Katika kesi ya Froom na Butcher, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1975, Froom hakuwa na kosa lolote katika mgongano wenyewe. Aligongwa akiwa upande wake wa barabara. Ila hakuwa amefunga mkanda, na wakati huo sheria haikumlazimisha. Mahakama ya Rufaa ikaweka vipimo: mkanda ungezuia majeraha yote, fidia ipungue kwa asilimia 25, ungeyapunguza sana, asilimia 15, usingesaidia chochote, isiguswe. Froom alikatwa asilimia 20 badala ya 25, kwa sababu pamoja na kichwa na kifua alikuwa amevunjika kidole, na kidole kile kingevunjika tu, mkanda au bila mkanda.