Asilimia 25 ya nini?

Hivi karibuni nilikuwa matangani katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tulikuwa wanaume kumi hivi chini ya turubai, na usiku ulipozidi kuwa mrefu mazungumzo yalimwacha marehemu yakahamia kwenye madini, kama yafanyavyo karibu kila mara katika mji huu. Mzee mmoja akasema kwa uhakika kabisa: "Sheria inatupa asilimia 25 ya shaba. Sasa hizo pesa ziko wapi, na barabara yetu iko hivi?" Watu wakaitikia, kisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa wanajua nafundisha fedha za umma. "Prof, si ni kweli?"

Sikumjibu ndiyo wala hapana, kwa sababu dai lenyewe lilikuwa halijakamilika. Asilimia ni sehemu ya kitu fulani, na asiyetaja kitu hicho hajasema jambo linaloweza kukubaliwa au kukanushwa. Nikaomba kalamu, nikaandika nyuma ya jalada la daftari la mahudhurio.

Tuchukue shaba yenye thamani ya dola 1,000. Kwa sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018, mrabaha wake, yaani malipo ambayo mchimbaji hutoa kwa madini anayouza na ambayo wengi wetu huyaita redevansi, ni asilimia 3.5, yaani dola 35. Hizo 35 ndizo zinazogawanywa: nusu, dola 17.50, huenda serikali kuu. Asilimia 25, dola 8.75, huenda jimboni. Asilimia 15, dola 5.25, huenda kwa mamlaka za chini, yaani miji, komini, sekta na sheferi (maeneo ya machifu). Na asilimia 10, dola 3.50, huingia kwenye mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo ile asilimia 25 ya mzee ipo kweli katika sheria, lakini ni robo ya mrabaha, wala si robo ya shaba. Katika dola 1,000, jimbo hupata pungufu ya dola 9. Kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka huohuo wa 2018, hutozwa asilimia 10, na hapo jimbo hupata dola 25 katika kila 1,000.

Naharakisha kusema kwamba hesabu hiyo inaweza kutumiwa vibaya upande wa pili pia. Mtu anayetaka kuwatia watu hasira atasema kwamba nchi nzima inaambulia asilimia 3.5 ya shaba yake, huku akijua kwamba kuna kodi ya faida, ushuru na malipo mengine yasiyohusiana na mrabaha. Mzee alikuza namba kwa kusahau kizio chake, yaani kile kitu ambacho asilimia inapigwa juu yake; huyu anaipunguza kwa kuficha namba zilizo jirani. Mimi humhofia zaidi wa pili, kwa kuwa kila neno analosema ni kweli.

Hata viwango viwili vya kodi ileile huweza kukosa kulinganishika. Utasikia kwamba mrabaha wa shaba ulipanda "kutoka 2 hadi 3.5". Namba ni sahihi, lakini asilimia 2 ya sheria ya 2002 ilipigwa juu ya thamani ya mauzo baada ya kutoa gharama kama usafirishaji, upimaji wa ubora wa madini na bima, ilhali ile ya 2018 hupigwa juu ya thamani ghafi ya kibiashara. Kiwango kilipanda na kizio kikapanuka, hivyo ongezeko halisi ni kubwa kuliko linavyosikika.

Nisijifanye kwamba mimi huwa sikosei. Miaka kadhaa iliyopita niliwaonyesha wanafunzi mchoro wa mapato ya jimbo, mstari ukishuka ghafla baada ya 2015, nikaanza kueleza sababu za kiutawala kwa ufasaha ambao sasa unaniaibisha. Binti mmoja wa safu ya nyuma akanyanyua mkono: "Mwalimu, Kolwezi iko wapi humu?" Haikuwepo. Mwaka 2015 majimbo 11 ya nchi yaligawanywa kuwa 26, na Katanga ya zamani ikazaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Migodi ya Kolwezi ilikwenda Lualaba, nasi wa Lubumbashi tukabaki Haut-Katanga. Nilikuwa nimelinganisha nyumba yenye vyumba vinne na chumba kimojawapo, kisha nikamlaumu mwenye nyumba.

Tukirudi matangani, kijana mmoja alidakia: "Basi waache hiyo 25, watupe ile 40 ya Katiba!" Dai hili ni gumu zaidi, kwa kuwa ndani yake yamo madai matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la maandishi: kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinasema kwamba sehemu ya majimbo katika mapato ya kitaifa ni asilimia 40, tena inakatwa hukohuko pesa zinakokusanywa. Hilo linathibitika kwa kusoma. La pili ni la utekelezaji, kwamba pesa hupanda kwanza Kinshasa ndipo sehemu yake irudishwe, na hilo huthibitika kwa hesabu za hazina, mwaka kwa mwaka. La tatu ni la haki: je, ni vema jimbo lenye migodi libaki na sehemu yake yote wakati jimbo lisilo na mgodi wala bandari halina cha kukata? Katiba yenyewe iliona tatizo hilo, ndiyo maana kifungu cha 181 kinaunda hazina ya kusawazisha majimbo kwa asilimia 10 ya mapato ya taifa. Mtu anaweza kushinda kabisa katika la kwanza na bado akawa hajasema lolote kuhusu la tatu. Wanasiasa wetu, wa pande zote, hupenda kuthibitisha lile jepesi na kudai ushindi kwa lile zito.

Yule mzee alikuwa bado ameshika daftari, akiinamia mwanga wa simu. "Hizi dola tano na senti," akaniuliza, "komini yetu ya Katuba inazipata?" Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa sheria sehemu hiyo hulipwa kwenye akaunti ya mamlaka ambayo mgodi unachimbwa ndani ya eneo lake. Akafikiri kidogo. "Basi hapa Katuba hakuna mgodi," akasema, akanirudishia kalamu yangu.