Hita Uliyoifungia Chumbani Hailikaushi Zulia

Wiki hii mteja mwingine amenipigia simu kulalamika kwamba zulia nililomsafishia linanuka uvundo, na nilipomuuliza alilikausha vipi, alinijibu kwa fahari kwamba alifunga madirisha na mlango, akawasha hita usiku kucha. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na sasa nimeona afadhali niliandikie.

Joto hugeuza maji kuwa mvuke kwa haraka na kuiwezesha hewa kubeba mvuke mwingi zaidi, lakini haliutoi mvuke huo hata hatua moja nje ya chumba. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 hushiba kwa takriban gramu 17 za maji. Ikiwa na nyuzijoto 30, hushiba kwa takriban gramu 30. Chukua basi chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5: hata kama hewa yake ingekuwa kavu kabisa mwanzoni, jambo ambalo halitokei, isingeweza kubeba zaidi ya lita 1.2, ilhali zulia la ukubwa huo, hata likifyonzwa vizuri, laweza kubaki na lita kadhaa. Hewa ikishashiba, zulia huacha kukauka, hita huendelea kula umeme, na mvuke hutafuta kioo au ukuta wenye ubaridi ukawa maji tena. Hali hiyo ya fukuto ikiendelea kwa siku moja au mbili, kuvu huanza kuota, na anayelaumiwa ni fundi.

Kinacholikausha zulia ni hewa inayotembea na inayobadilishwa. Juu ya nyuzi hujikusanya tabaka jembamba la hewa iliyoshiba, na lisipoondolewa, maji yaliyo chini hayana pa kwenda. Ndiyo maana nguo kwenye kamba hukauka upesi siku ya mawingu yenye upepo kuliko ndani ya chumba chenye joto tuli. Weka feni sakafuni ipulize sambamba na zulia, kisha uihamishe baada ya saa chache. Feni ya dari inasaidia, ila kidogo.

Sasa madirisha, ambapo hata mafundi wenzangu hunichosha. Wapo wanaosema yafunguliwe daima, na wapo wanaosema hewa ya nje ikiwa na unyevu wa asilimia 90, yaani asilimia 90 ya mvuke inaoweza kubeba kwa joto lake, yafungwe, wala hawaulizi asilimia hiyo ni ya hewa yenye joto gani. Hewa ya nje yenye nyuzijoto 15 na unyevu wa asilimia 90 ina takriban gramu 11.5 za maji katika kila mita ya ujazo, ilhali hewa ya ndani yenye nyuzijoto 25 na asilimia 60 ina karibu gramu 14. Kwa hiyo ile ya nje, inayoonekana mbichi, ndiyo kavu zaidi. Ikiingia na kupashwa moto itanyonya maji vizuri, na hapo ndipo hita inapopata kazi ya maana, mradi kuwe na upenyo wa kutokea mvuke. Nje kukiwa na joto na mvua kwa pamoja, hesabu hugeuka: funga, kisha uwashe kiyoyozi au mashine ya kuondoa unyevu, ambazo huyatoa maji hewani na kuyamwaga. Kati ya hali hizo mbili kuna siku nyingi ambazo, bila kipimo mkononi, mimi mwenyewe hubahatisha.

Kuhusu muda, huwa nasema saa 6 hadi 12, nami huitaja nambari hiyo shingo upande, kwa kuwa mengi huamuliwa kabla sijaondoka: mzunguko mmoja wa ziada wa kufyonza bila kunyunyiza maji huokoa saa nyingi, na fundi mwenye haraka ndiye huuruka. Kiganja nacho hudanganya. Sufu huweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake bila kuhisika kuwa mbichi, na polipropilini, nyuzi za plastiki zisizonyonya karibu chochote, hukauka juu huku maji yamelala mgongoni mwa zulia na kwenye sponji iliyo chini yake. Miguu ya samani iwekee vipande vya plastiki, isije ikaacha kutu au rangi ya mbao.

Ukiona doa limerudi kesho yake, usikimbilie sabuni. Maji yanayokauka polepole hupanda kutoka chini hadi ncha za nyuzi yakibeba uchafu, na huuacha pale yanapoishia. Wakati mwingine chanzo ni sabuni iliyobaki inayonasa vumbi, na kwa kutazama tu siwezi kuzitofautisha sababu hizo mbili kila mara. Kwa hiyo huanza na maji kidogo sana, hufyonza kwa muda mrefu, kisha huelekeza feni papo hapo. Likirudi tena, nitalifunua zulia nitazame chini yake.