Sikio Moja Limezima Ghafla? Usisubiri Lizibuke

Kauli ninayoisikia kuliko zote kliniki ya masikio ni hii: "Nilidhani ni nta." Anayeisema huwa ameshakaa nyumbani wiki tatu, wengine miezi miwili. Maswali yafuatayo huulizwa na watu waliochelewa tayari.

Uziwi wa ghafla ni nini?
Ni sikio, karibu kila mara moja tu, kupoteza usikivu ndani ya siku 3 au chini ya hapo. Wengi huamka nao asubuhi. Shida iko sikio la ndani au kwenye neva inayopeleka sauti kwenye ubongo, si kwenye tundu unalolichokonoa. Sikio huhisi limejaa, hulia nziii, na wengine hupata kizunguzungu. Mara nyingi haliumi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Husababishwa na nini?
Kwa wagonjwa takriban 9 kati ya 10 chanzo hakipatikani hata baada ya vipimo. Hudhaniwa ni virusi, au damu kutofika vizuri sikio la ndani. Si feni, wala si mkono wa jirani.

Nitajuaje kama si nta?
Kwa kuhisi tu huwezi kujua, maana vyote viwili huleta hali ileile ya kuziba. Funga mdomo uvume "mmmm". Sauti ikielemea sikio bovu, huenda limeziba tu. Ikielemea sikio zima, neva inashukiwa. Kliniki tunatumia chuma cha panda mbili, tunakigonga na kukiweka katikati ya paji la uso. Lakini kuvuma kwako si ruhusa ya kubaki nyumbani. Sikio lazima limulikwe. Ikiwa ni nta itatolewa na utarudi kazini, hakuna atakayekucheka.

Nisubiri wiki moja nione?
Hapana.

Hata siku mbili tatu?
Hapana. Baba mmoja, dereva wa daladala, aliweka simu sikio la kushoto asisikie kitu. Akaipeleka kwa fundi, spika ikabadilishwa, akalipa. Kimya. Siku alipoihamishia sikio la kulia ndipo akagundua kibovu si simu. Hata hapo hakuja. Alitia mafuta yenye vitunguu saumu siku kumi. Nilimwona siku ya 24. Fundi wa simu alimwona siku ya kwanza.

Lakini si huwa linarudi lenyewe?
Kwa baadhi, ndiyo. Hata nusu yao wanaweza kupata nafuu bila dawa. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo cha kutuambia wewe uko nusu ipi. Dawa hufaa zaidi ikianza siku za mwanzo, ndani ya wiki 2. Wiki 6 zikipita, tunabaki na machache ya kukupa.

Mafuta ya nazi ya uvuguvugu je?
Hayapiti kiwambo cha sikio, yaani utando mwembamba ulio mwisho wa tundu, kwa hiyo hayafiki kwenye shida. Kiwambo kikiwa kimetoboka, umejiongezea ugonjwa mwingine. Hali kadhalika njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu na, jamani, ufunguo wa pikipiki. Na matone ya duka la dawa uliyouziwa bila mtu kuchungulia sikio ni kubahatisha.

Tiba ni ipi?
Kwanza kipimo cha usikivu, kuthibitisha. Kisha dawa za jamii ya steroidi, zinazotuliza uvimbe mwilini, kwa kawaida vidonge vya prednisoloni kwa wiki moja au mbili, halafu dozi inapunguzwa taratibu. Dozi siandiki hapa, maana najua kuna atakayekwenda nayo dukani. Usikivu usiporudi, daktari bingwa huweza kuchoma sindano ya steroidi kupitia kiwambo cha sikio baada ya kukitia ganzi. Hilo hufanyika hasa kati ya wiki ya 2 na ya 6. Oksijeni ya shinikizo, inayovutwa ndani ya chumba maalumu, husaidia baadhi ikiunganishwa na steroidi mapema, ila vyumba vyake ni vichache. Usivitafute ukaacha vidonge. Antibaiotiki hazitibu tatizo hili. Baadaye utapigwa picha ya MRI kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva.

Nina kisukari.
Sema kabla ya kupokea dawa, steroidi hupandisha sukari. Sema pia kama una presha au vidonda vya tumbo. Sindano ya sikioni huenda ikakufaa zaidi kuliko vidonge.

Lisiporudi kabisa?
Kuna vifaa vya kusaidia kusikia, na vingine huhamisha sauti kutoka upande uliozima kwenda sikio zima. Barabarani geuza kichwa kabisa: mwenye sikio moja husikia honi ya bodaboda asijue inatoka wapi.

Ni Jumamosi jioni, kliniki imefungwa.
Nenda hospitali yenye huduma ya dharura. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, nenda dakika hiyohiyo, huenda ni kiharusi. Mapokezi usiseme tu "sikio linanisumbua", utaishia kupewa matone. Sema: "Sikio la kushoto limeacha kusikia ghafla, tangu jana asubuhi." Taja siku. Wakikuambia ni nta, waombe wamulike taa sikioni kwanza.